Kanda Isiyoulizwa

Mtoto wa kaka yangu aliniwekea nyimbo zote za kanda zangu za zamani kwenye kompyuta mpakato, akanipakulia na programu tatu za kuzipanga, akasema, "Shangazi, jaribu mwenyewe. Utakayoipenda ndiyo tutakayotumia." Kisha akarudi kazini kwake Dodoma, akaniacha hapa mezani na miwani yangu. Programu ya kwanza ilipanga nyimbo kwa albamu, na kwa kuwa hakuna wimbo wangu wenye albamu, ilizirundika zote sehemu moja na kuandika juu yake Haijulikani. Ya pili ilipendeza machoni, ina rangi na vidirisha, lakini ilikataa kuhifadhi chochote mpaka niiandikie jina la mwimbaji. Niliiacha nafasi ile wazi, ikaniwekea alama nyekundu. Nikajaribu tena, nyekundu tena. Nikajikuta naifokea kompyuta kama mwendawazimu: "Na kama mtu hawezi kulitaja?"

Hapo nikavua miwani. Hasira ile haikuwa ya kompyuta. Ilikuwa yangu na ya Fundi, tangu Ilomba, Mbeya, miaka ya sabini.

Tulimwita Fundi, basi. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kibao juu ya mlango wa kibanda chake, na sikumbuki hata mtu mmoja aliyewahi kulitumia, kwa hiyo na mimi sitalianza leo. Alitengeneza redio. Alikuwa na mikono minene isiyofanana na kazi ile ya nyaya nyembamba, na skrubu alizoea kuzishika kwa midomo, hivyo nusu ya maneno yake yalipitia kwenye meno. Masika na kiangazi alivaa koti lile lile la kijivu. Sisi tuliotoka sehemu za baridi, yeye Iringa na mimi Njombe, tulijifanya baridi ya Mbeya si kitu, lakini yeye hakulivua hata jua la Oktoba linapochoma mabati.

Neno lake kubwa lilikuwa "bado ina moto." Alianza kulitumia kwa waya aliotoka kuuchomelea risasi, ili mteja asiuguse. Baadaye likaenea kila mahali. Ukimwuliza habari ya ugomvi wake na mwenye nyumba, bado ina moto. Ukimwuliza kwa nini hakuoa tena baada ya mkewe kufariki, anapuliza ncha ya chuma chake cha kuchomelea na kusema bado ina moto, na mkewe alikuwa amekufa kabla mimi sijamaliza shule ya msingi.

Redio ndizo zilizomlisha, ila mapenzi yake yalikuwa kwenye kurekodi. Alikuwa na mashine ya kurekodi ya mikanda mikubwa, iliyotumia betri, nzito kama debe la mahindi. Jumamosi mchana aliifunga kwenye gunia, akapanda basi, akashuka popote aliposikia kwamba kuna mtu anajua kuimba. Alirekodi wazee wa Rungwe, akina mama wanaotwanga, walevi, wachunga ng'ombe. Malipo yalikuwa ndizi, maharage, au kuku anayepiga kelele ndani ya basi mpaka Mbeya. Mtu akitaka kusikia wimbo wake au wa ndugu yake, alikuja kibandani, anakaa kwenye benchi, Fundi anamwekea. Kwa hilo hakutoza kitu.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakuimba. Jumapili alikaa kanisani kati ya watu wa kwaya, Mlutheri safi, na midomo yake haikufunguka isipokuwa kwa amina. Ole wako ukivumisha wimbo puani, midomo imefumbwa, ndani ya kibanda chake. "Nenda ukavumishie nje," alisema, "unanichanganyia." Siku moja alimfukuza mchungaji kwa kosa hilo, mchungaji aliyemletea redio ya kutengeneza.

Na alikuwa bahili wa mikanda kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Mikanda mipya ililetwa na dereva mmoja wa lori aliyekuwa akivuka Tunduma, na dereva huyo akikosa safari, Fundi anakosa usingizi. Aliokota vipande vilivyokatika na kuviunga kwa uvumilivu wa mshona viraka. Pamoja na ubahili huo wote, mtu akimaliza kuimba, Fundi hakuzima mashine. Aliiacha izunguke huku mzee anakohoa, anaomba maji, anamfokea mbwa. Nilimwuliza siku ya kwanza niliyofuatana naye, "Fundi, wimbo si umeisha? Unapoteza mkanda."

"Nani kasema umeisha?" alinijibu. "Mtu hajasimama bado."

Mimi nilikuwa karani wa maktaba mjini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilijua kila kitu. Nilipanga chumba jirani na kibanda chake, na jioni nikitoka kazini nilikaa kwenye lile benchi kusikiliza, kwa sababu chumbani kwangu hapakuwa na redio wala mtu wa kuongea naye. Aliniita Dada Maktaba, wakati mwingine kwa heshima, mara nyingi kwa kunitania.

Mpangilio wake wa zamani nilikuwa naucheka. Kanda zilikaa kwenye makasha ya biskuti, na makasha yalipangwa kwa barabara: kasha la barabara ya Tukuyu, la Chunya, la Iringa, la Usangu. Mteja akija, Fundi hakumwuliza anataka nini. Alimwuliza mambo ya siku ile ya kurekodi. Mvua ilinyesha? Tulikula nini? Mimi nilikalia nini, kigoda au mkeka? Mtu anaeleza, Fundi anafumba macho, mara mkono unaingia kwenye kasha na kutoka na kanda. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi mno na bado nilisema ni bahati.

Kisha bahati ikakatika. Alikuja mfugaji kutoka bonde la Usangu, kijana ambaye wazazi wake walihamia huko na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Alitaka ngoma iliyochezwa kwenye harusi ya kaka yake. Alieleza yote, mvua, nyama, kigoda, na kanda haikuonekana. Fundi alipekua makasha kwa siku mbili, kijana amelala kwenye benchi, hanung'uniki. Ikapatikana ndani ya kasha la Chunya. Fundi aliona aibu kiasi kwamba kesho yake alivaa tai, tai kweli juu ya koti lile, akaja maktaba.

"Dada Maktaba," alisema kwa sauti ya chini, maana alikuwa ameambiwa maktaba watu hawapigi kelele, "nyie vitabu vyote hivi mnavipataje?"

Sijawahi kuulizwa swali tamu kama lile. Nilimkalisha, nikampa njia tatu achague. Ya kwanza, daftari: kila kanda ina namba, na namba zinafuatana. Akasema daftari likilowa mvua, nyimbo zote zimekufa. Ya pili, rangi: anapaka kila kanda rangi ya aina yake, nyekundu harusi, nyeusi msiba, kijani kazi. Hiyo aliipenda, mpaka alipokumbuka wazee wawili wa Rungwe walioimba wimbo uleule msibani na shambani. Ya tatu ilikuwa yangu mimi: kadi. Kila mwimbaji ana kadi yake, jina juu, mahali chini yake, namba ya kanda pembeni, zinakaa kwenye droo kwa kufuata alfabeti.

"Mtu anakuja, anataja jina, tunavuta kadi," nilimwambia. "Basi. Hakuna habari za mvua wala vigoda."

Alizishikashika kadi zile, akazinusa. "Na asiyejua jina?"

"Nani asiyejua jina la ndugu yake, Fundi?"

Akacheka. Nami nikacheka. Mkuu wangu alituruhusu kuchukua kadi zilizoharibika, tukaandika upande wa nyuma. Ilituchukua jioni nyingi mno. Yeye anataja, mimi naandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ukarani, na seremala wa jirani akatutengenezea droo mbili za mninga. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama niliwahi kuipata tena kazini.

Kwa sababu ya shida ya mikanda nikaongeza kanuni, na hii pia ni yangu, siwezi kumsingizia. Kila mtu akiulizia kanda, tunaweka nukta kwenye kadi. Kadi ikikaa mwaka mzima bila nukta, kanda inafutwa na kurekodiwa nyingine. Fundi hakuipenda. Alizunguka nayo wiki nzima kabla ya kukubali, na alikubali tu kwa kuwa dereva wa lori alikuwa amekaa miezi bila kuonekana.

Mama mmoja alikuja wakati wa baridi, asubuhi ya Jumamosi. Alisimama mlangoni kwa ubavu, kikapu cha ndizi kichwani, miguu ina vumbi la safari ndefu. Mimi nilikuwa kwenye droo, Fundi ana skrubu mdomoni.

"Ndaga," alisalimia.

"Ndaga mama, karibu," nikasema. "Unataka wimbo wa nani?"

"Wa mzee."

"Mzee nani?"

"Mzee wa kule nyumbani. Amekufa, ni miezi minne sasa." Akashusha kikapu. "Mlikujaga na mashine, mkamkuta anasuka vikapu vya mianzi. Mimi nilikuwa jikoni. Alikuwa anaimbaga akisuka."

"Jina lake?"

Aliangalia chini. "Nilikuwa nampikiaga," alisema. "Miaka kumi na moja. Chakula kikiwa kizuri, anaimba. Kikiwa kibaya, anaimba pia. Nilikuwa najua."

"Sawa mama, lakini wazee ni wengi. Jina tu, mimi nakuvutia kadi."

Fundi akatema skrubu mkononi. Ningemwacha afumbe macho yake na kuuliza habari za mvua, mambo yangekwisha pale pale. Lakini nilikuwa nimemfundisha vizuri, na droo zilikuwa mpya. "Mama," alisema kwa upole, "bila jina kadi haitoki. Ndiyo utaratibu wa siku hizi."

"Haya," alisema mama yule. Akatutazama kwa zamu, mimi kisha Fundi, kama mtu anayesubiri wenzake wamalize utani. Alipoona hatutanii, akaziacha ndizi zake zote mlangoni, akaondoka. Nilimwambia Fundi kwamba pengine hana akili timamu. Nilisema hivyo, na nimeliandika hapa kwa sababu nimelibeba muda mrefu. Nukta sikuweka, maana kadi ya kuiwekea nukta haikujulikana.

Mwezi ulipita kabla sijamsimulia mwenzangu wa maktaba, dada mmoja Mnyakyusa, kama kichekesho. Hakucheka hata kidogo.

"Huyo ni mke wa mtoto wa yule mzee," aliniambia. "Wewe unamwambia amtaje baba mkwe wake? Kwetu hamtaji. Hata kumwona uso hamwoni. Wakikutana njiani, yeye anaingia migombani mpaka mzee apite."

"Miaka kumi na moja?"

"Hata thelathini. Chakula anapika, mtoto ndiye anayepeleka. Sasa kama mzee alikuwa anaimba ili yeye asikie kule jikoni, basi hayo ndiyo maongezi yao, dada. Hawana mengine. Mumewe yuko wapi?"

Sikujua. Baadaye tulisikia alikuwa kwenye migodi ya shaba, ng'ambo ya mpaka. Mama yule alikuja peke yake kwa sababu aliamini watu wenye mashine ya kushika sauti watakuwa na akili ya kumwelewa.

Nilikimbia, sikusubiri hata saa za kazi ziishe. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa, kisha akafunga mlango wa kibanda mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mzee anayesuka vikapu, jikoni pembeni, upande wa Tukuyu. Alifumba macho, akataja jina. Nikavuta droo, kadi ikatoka mara moja. Kadi zangu hazikuwa na kosa. Pembeni palikuwa na namba mia na kumi na mbili, na chini ya namba, kwa mwandiko wangu mzuri, neno moja: ifutwe. Mwaka wake bila nukta ulikuwa umetimia wiki mbili baada ya mama yule kuondoka.

Tuliiweka mashineni. Ikalia bendi ya harusi ya jirani yetu wa Ilomba, magitaa na vigelegele, muda mrefu. Fundi hakuzima. Bendi ikaisha, pakawa kimya, mashine inazunguka. Na kule mwishoni kabisa, mahali ambapo harusi haikufika, akatokea mzee. Alivumisha kidogo, akasema maneno machache ya Kinyakyusa kwa sauti ya wimbo, akakohoa, kigoda kikalia. Akasimama. Mkanda ukaisha.

Kilikuwa ni kile kipande cha baada ya wimbo, ambacho mimi nilikuwa nasema ni kupoteza mkanda.

"Nitampelekea hicho," alisema Fundi.

"Hicho si kitu, Fundi. Ni kukohoa."

"Ndicho kilichopo."

Nilitakiwa kwenda naye. Nilisema nina kazi Jumamosi hiyo, na haikuwa kweli. Aliporudi, alikuwa na kuku na hakuwa na maneno. Nilimwuliza, akapuliza chuma chake. "Bado ina moto." Nilidhani ananificha aibu yetu, na sikuuliza tena. Kuanzia siku ile hakuvuta droo zile hata mara moja. Wateja aliwauliza habari za mvua, na mimi nilikuwa napita nikitoka kazini na kuingia chumbani moja kwa moja. Mwaka uliofuata alirudi kwao Iringa. Tuliagana kwa kupeana mikono, kama watu wa ofisi.

Miaka ya sabini ikiwa inaishia nilitumwa Iringa kwenye semina ya watu wa maktaba. Jioni ya pili nilipanda kwenda Kihesa, nikauliza fundi redio, nikaelekezwa na mtu wa kwanza. Alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba ya dada yake, koti lile lile, mikono imeanza kutetemeka kiasi cha kutoweza kushika waya.

"Kamwene, Dada Maktaba."

"Kamwene, Fundi."

Makasha ya biskuti yalikuwa ndani, yamepangwa ukutani kwa barabara. Alisema niyachukue yote, maana mikono yake haifai tena na mimi ndiye ninayejua kutunza. Nikamwambia mimi ndiye nisiyejua. Nikalia, mbele ya dada yake na chai ya watu. Nikamwambia nimekaa miaka yote hii namwona yule mama akiondoka bila ndizi zake, na kwamba nilifuta maongezi ya mtu yasiyorudi, na hata yeye aliona aibu kuniambia mama yule alivyopokea kile kipande.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Aibu? Mimi nilikuwa nakungoja uulize mara ya pili."

Akanisimulia. Alimkuta nyumbani, akamwomba radhi, akaweka mashine uani na kuiwasha. Mzee alipoanza tu kuvumisha, mama yule alisimama, akajifunika kitenge, akatoka mbio kuingia migombani. Fundi akajua tumemkosea kwa mara ya pili. Akazima.

"Nikasikia sauti toka kule kwenye migomba," alisema. "'Usizime! Umezima nini? Rudisha!' Nikarudisha. Nikairudisha mara saba au nane, mimi nipo uani na mashine, yeye yuko kule, amenipa mgongo. Sauti ikitoka, yeye hawezi kukaa mbele yake. Mwishoni nikasikia analia, halafu nikasikia anacheka. Anacheka mpaka anakaa chini."

"Anacheka nini?"

"Na mimi nilimwuliza. Alipotoka alikuwa anafuta machozi. Akasema, 'Siku hiyo mlipokuja nilihangaika na wageni, nikatia chumvi mara mbili. Mzee anasema chumvi imezidi.'" Fundi akatikisa kichwa. "Akaniambia nimrudishie tena. Baadaye nilimtolea nakala kwenye kaseti, mumewe akirudi na redio ya kaseti asikilize."

Nilibeba makasha yale, pamoja na kadi zetu, kwenye basi la kurudi Mbeya, na nimeyabeba kila nilikohamia tangu hapo. Fundi alifariki msimu wa mvua uliofuata.

Programu ya tatu ni mbaya kwa sura, ina maandishi madogo, na mtoto wa kaka yangu atanicheka. Lakini inakubali jina la mwimbaji kubaki wazi, na ina nafasi ndefu ya maelezo ambako unaandika utakacho. Jana nilifika kwenye faili la mia na kumi na mbili. Jina la mzee yule nalijua, lipo kwenye kadi, na kadi ninayo. Sikuliandika. Kwenye maelezo nikaandika: Barabara ya Tukuyu. Anasuka vikapu. Chumvi imezidi.

Nikabonyeza kuhifadhi, ikahifadhi.